Kitabu Kimewaliza Wenzangu, Mimi Macho Makavu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 19, nakaa Ujiji, na nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Tuko wasomaji sita tunaoazimana vitabu, na safari hii tulipata nakala moja ya The Fault in Our Stars, riwaya ya Mmarekani John Green juu ya vijana wawili wenye saratani wanaopendana. Tulikubaliana kila mtu akunje pembe ya ukurasa uliomliza, ili tukikutana tulinganishe. Wenzangu watano walilia. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye zamu, nikakisoma kwa siku nne ili kiwahi kikao, nikakimaliza, na sikuona kilichowaliza. Yule kijana, Augustus, alinichosha tangu sura za mwanzo. Mmoja wetu ameniambia nina moyo wa jiwe, mwingine amesema pengine Kiingereza kimenishinda. Tatizo ni mimi au ni kitabu? Na niseme nini kwenye kikao, maana kila mtu lazima atoe neno?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitangulize jibu fupi, kwa sababu najua unasubiri hukumu: moyo wako hauna kasoro, Kiingereza hakijakushinda, na kitabu chenyewe si kibaya. Mmekutana vibaya tu, wewe na kitabu, kwa kuwa watu watano walikwisha kukaa katikati yenu kabla hamjaonana. Hata hivyo sitaki kukubembeleza kwa kusema kwamba kila mtu na ladha yake, tukaishia hapo, maana malalamiko yako juu ya Augustus yana msingi na yanastahili kujadiliwa kama hoja ya fasihi. (Msomaji mwingine ambaye hajakisoma kitabu hiki na hapendi kujua mwisho wake, aishie aya hii.)

Nianze na ile mikunjo, ambayo umeitaja kwa kupita tu lakini kwangu ndiyo kiini cha barua yako. Hebu jione ulivyokuwa umekishika kitabu: unasoma ukurasa usio na alama, huku jicho la pembeni linaona kwamba kurasa tatu mbele kuna pembe iliyolazwa, pengine pembe mbili, moja juu na moja chini. Tangu hapo huwasikilizi tena wahusika, unasubiri. Ukifika kwenye mkunjo unajichunguza kama mtu aliyewekewa kipimajoto kwapani, uone kama homa imepanda. Haipandi, kwa sababu machozi ya msomaji huja kwa kuviziwa, na wewe ulikwisha kuonyeshwa kichaka alichojificha mviziaji. Mtu anayesimuliwa kichekesho huku msimulizi akimwambia kwamba hapa sasa utacheka, hacheki, na hakuna anayemwita mwenye moyo wa jiwe.

Jambo hili nalifahamu kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa na umri kama wako, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ikazuiwa kwa muda kusomwa shuleni, ilikuwa ikizunguka bwenini kwetu imevalishwa jalada la kitabu cha jiografia. Sifa iliyoitangulia ilikuwa kwamba ina mambo ya wakubwa. Niliisoma usiku kwa tochi, nikirukaruka kurasa kuyatafuta hayo mambo, nikayapata machache na mafupi, nikairudisha nikitangaza kwamba ni kitabu cha kawaida sana. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nililazimika kuisoma upya, ndipo nikakutana na Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, nikaelewa kwamba balaa la Rosa linaanzia pale: msichana aliyechungwa kwa fimbo asiwajue wanaume anatoka nyumbani akiwa hajui hata namna ya kukataa. Kurasa hizo nilizipita mbio usiku ule. Kitabu kilikuwa kile kile, ila sifa yake ilinipofusha. Sifa ya matusi na sifa ya machozi, mwanangu, hufanya kazi moja.

Na sifa ya kitabu chenu haikuanzia Ujiji. John Green na ndugu yake Hank walikuwa wakitengeneza video za intaneti tangu mwaka 2007, na walikuwa na wafuasi wengi waliowapenda kama watu wa nyumbani. Jina la riwaya hii lilipotangazwa katikati ya mwaka 2011, miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, wafuasi hao walikiagiza kwa wingi kiasi kwamba kilipanda hadi nafasi ya kwanza katika mauzo ya duka la mtandaoni la Amazon. Mwandishi aliahidi kutia saini nakala zote za chapa ya kwanza, nazo zikawa nakala 150,000, akazitia kweli. Kitabu kikaingia madukani Januari 2012, na filamu yake ikafuata mwaka 2014. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu walikipenda kikiwa jina tu, bado hakina ukurasa hata mmoja mikononi mwao. Wewe uko mwishoni kabisa mwa foleni hiyo ndefu, na kila aliye mbele yako amekwisha kukuambia kilichoko ndani.

Sisemi haya kumdharau mwandishi. Katika ujana wake aliwahi kufanya kazi kwa miezi michache kama mwanafunzi wa uchungaji katika hospitali ya watoto huko Ohio, Marekani, na riwaya hii ameitabaruku kwa Esther Earl, msichana aliyekuwa rafiki yake, aliyefariki kwa saratani mwaka 2010 akiwa na miaka 16. Hakuokota ugonjwa barabarani ili auze machozi. Lakini mtu anaweza kuandika juu ya jambo analolijua kwa uchungu na bado akaumba mhusika anayechosha, na hapo ndipo tunapofika kwa kijana wako.

Augustus Waters ana miaka 17, ni mzuri wa sura, ni mcheshi, amepoteza mguu kwa saratani ya mfupa, na anamkazia macho Hazel, msichana wa miaka 16 mwenye saratani anayetusimulia riwaya, tangu siku ya kwanza wanapoonana katika kikundi cha vijana wagonjwa kinachokutana chini ya kanisa mjini Indianapolis. Hana ila. Kila sentensi inayomtoka imepigwa pasi. Baya zaidi, Hazel naye hupiga pasi sentensi zake kwa joto lile lile: fungua mazungumzo yao yoyote marefu, funika majina kwa kidole, ujaribu kutambua nani kasema nini. Mimi nimejaribu, na mara kadhaa nimekosea. Darasani tungesema kwamba mwandishi amewapa wahusika wawili ulimi mmoja, na hilo ni kosa la ufundi hata kama ulimi wenyewe ni mtamu. Ukichoka kumsikiliza kijana wa namna hiyo, hujakosa hisia, umesikia vizuri.

Chukua ile sigara. Augustus huweka sigara mdomoni bila kuiwasha, kisha anaeleza kwamba hiyo ni sitiari: kitu kinachoua unakiweka katikati ya meno, lakini hukipi uwezo wa kukuua. Hazel, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa amekasirika, anayeyuka. Mimi niliposoma hapo nilifikiria kijana akisimama stendi pale Mwanga na sigara isiyowashwa mdomoni. Kabla hajafika kwenye sitiari yake, watu watatu wangekwisha kumwuliza kama anatafuta kiberiti. Mhusika anayejieleza kwamba yeye ni sitiari amemnyang'anya msomaji kazi, na msomaji mwerevu hupenda kufanya kazi hiyo mwenyewe.

Hapa, hata hivyo, lazima nimtetee mwandishi kidogo, kwa sababu nadhani alijua anachokifanya. Kumbuka usiku ule karibu na mwisho, Augustus akiwa amedhoofu, anapoendesha gari peke yake hadi kituo cha mafuta kununua pakiti ya sigara, kwa sababu tu anataka kuwe na jambo moja atakalolifanya mwenyewe. Mrija uliowekwa tumboni umepata maambukizi, amejitapikia, hawezi kutoka garini, na anampigia Hazel simu akimsihi asiwaite wazazi. Pasi yote imekwisha. Hakuna sentensi nzuri, kuna mtoto anayelia kwa kujichukia. Kijana yule wa sura za mwanzo alijengwa mrefu ili aangukie hapo, na bila urefu ule anguko lisingekuwa na kishindo. Tatizo ni kwamba mwandishi amemwomba msomaji avumilie sehemu kubwa ya kitabu kabla ya kumlipa. Hiyo ni kamari. Kwa wenzako alishinda, kwako alishindwa, na katika kamari hakuna anayelazimika kuomba radhi.

Rafiki yako aliyesema Kiingereza kimekushinda amekosea, ila amepita karibu na jambo la kweli. Hazel anasimulia kwa nafsi ya kwanza na kwa kejeli. Anautania ugonjwa wake, anawatania wanaomwonea huruma, na uchungu wake umefichwa chini ya utani huo. Kiingereza tulichojifunza shuleni ni cha kujibu mitihani, kinatupa maana ya kila neno lakini mara nyingi hakitupi sauti ya mtu anayetania huku ameuma meno. Mtu wa Indianapolis aliyejifunza Kiswahili vitabuni, ukimpeleka Kibirizi asubuhi akasikilize wauza dagaa wakirushiana maneno, ataelewa kila sentensi na hatacheka hata mara moja. Ukiongeza haraka ya siku nne, utani unapita kama treni isiyosimama.

Sitashangaa pia kama ulitoka kitabuni Hazel na Augustus walipopanda ndege kwenda Amsterdam, Uholanzi. Wewe unajua kwamba mgonjwa wa saratani kutoka Kigoma anaweza kulazimika kusafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na kwamba ndugu huanza kuchangishana nauli kabla hawajafika kwenye dawa. Unaposoma wagonjwa wawili wanavuka bahari kwenda kumwuliza swali mwandishi wa riwaya anayoipenda Hazel, akili yako inauliza nani kalipa. Kitabu kinajibu, ni shirika linalotimiza matakwa ya watoto wagonjwa, na Augustus ametumia nafasi yake kwa ajili ya Hazel, ambaye yake aliimalizia Disney akiwa na miaka 13. Jibu lipo, lakini swali likishaingia kichwani, busu haliwezi kulitoa. Kuhusu busu lenyewe, kubusiana ndani ya nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha humo asikamatwe na Wanazi, hadi wageni wakapiga makofi, hata wasomaji wa huko kwao wapo waliokereka, nami ni mmoja wa waliokereka huku Tabora.

Sasa niseme ninachokipenda. Nina hakika hakuna pembe iliyokunjwa pale ninapotaka kukupeleka, au kama ipo basi imekunjwa na mmoja tu. Sahau mapenzi kwa muda, umtazame mama yake Hazel. Hazel akiwa na miaka 14 aliwahi kulazwa mahututi, wote wakiamini anakufa, na akiwa katika hali hiyo akamsikia mama yake akimwambia baba kwa kilio kwamba yeye hatakuwa mama tena. Sentensi hiyo haimtoki. Ndiyo sababu anajiita bomu, kitu kitakacholipuka na kuwajeruhi walio karibu, na ndiyo sababu mwanzoni anamkwepa Augustus. Tangu hapo anaishi katika nyumba ile akiamini kwamba siku atakayozikwa yeye, mama yake naye hatakuwa na kitu.

Halafu tazama swali linalompeleka Amsterdam. Kuna riwaya anayoipenda kupita kiasi, ya mwandishi wa kubuni aitwaye Peter Van Houten, inayokatika katikati ya sentensi kwa sababu msichana anayeisimulia amekufa au amezidiwa. Hazel hataki kujua msichana alikufaje; hilo analijua. Anataka kuambiwa mama wa yule msichana aliishije baadaye. Anavuka bahari, na hewa yake ya oksijeni akiivuta kwa kigari, ili aulize juu ya mama wa kwenye karatasi, kwa sababu hathubutu kumwuliza mama aliyesafiri naye katika ndege hiyo hiyo. Van Houten ni mlevi, anawatukana, anakataa kujibu. Baadaye tunajua kwamba yeye mwenyewe alifiwa na binti mdogo, kwa hiyo yeye ndiye mzazi aliyebaki, na ndivyo alivyobaki. Hazel amepewa jibu baya kuliko yote bila kutamkiwa neno.

Jibu zuri linamsubiri nyumbani. Baada ya msiba wa Augustus, katika ugomvi mdogo wa chakula cha jioni ambao msomaji mwenye haraka anaweza kuupita, mama anakiri kwamba amekuwa akisoma kwa siri shahada ya ustawi wa jamii ili aje kuzisaidia familia zenye wagonjwa. Alificha kwa sababu aliogopa binti yake ataona amekwisha kupiga hesabu za maisha yasiyo na yeye. Na Hazel anafurahi kuliko siku nyingine yoyote katika kitabu kizima! Mtoto anayefurahi kusikia kwamba mama yake ataweza kuishi baada yake: hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikatoka nje kukaa chini ya mwembe. Ukinituma nikunje pembe moja tu, nitakunja hiyo. Riwaya imeuzwa kama hadithi ya mapenzi, nusu yake iliyo bora inahusu mama na mtoto, na wewe ulitumwa kutafuta machozi katika nusu iliyo dhaifu.

Jambo la mwisho ni jina la kitabu, ambalo kwa sisi wa Kiswahili lina ladha ambayo wenzetu wa Marekani hawaipati kirahisi. Limechukuliwa kutoka tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, pale Cassius anapomshawishi Brutus kwamba wakiwa wanyonge, lawama ni yao wenyewe na wala si ya nyota zao. Angalia anayesema: ni mtu anayemvuta rafiki yake katika njama ya kuua. John Green amelishika neno hilo na kuligeuza, kwa sababu mtoto mwenye uvimbe kwenye mapafu hana lawama yoyote ya kujibebesha, na ndani ya riwaya Van Houten anaandika barua ya kumpinga Shakespeare juu ya jambo hilo hilo. Kwa Kiingereza cha leo nyota mara nyingi ni vitu vya angani. Kwetu nyota ya mtu ni bahati yake. Tunasema nyota yake imefifia, na wapo wanaolipa fedha kusafishiwa. Bibi yako hapo Ujiji, hata kama hasomi Kiingereza, ataelewa jina la kitabu hiki haraka kuliko mwanafunzi wa Indianapolis.

Tamthilia hiyo unaweza kuisoma kwa lugha yako. Mwalimu Nyerere, aliyeingia shule ya sekondari hapa Tabora mwaka 1937 na kurudi kufundisha hapa hapa mwaka 1946, aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Soma onyesho la pili la sehemu ya kwanza, uone jinsi Cassius anavyozungumza vizuri. Yeye naye hupiga pasi sentensi zake, lakini Shakespeare anataka umwogope kwa sababu hiyo.

Kuhusu kikao, usiwadanganye wenzako kwamba ulilia, na usiwakejeli waliolia. Pia usiseme kwamba kitabu hakikukugusa ukanyamaza, kwa sababu neno hilo halina pa kushikwa, na watakaosalia watajaza ukimya wako kwa habari za moyo wa jiwe. Nenda na kurasa. Waombe wafunue mazungumzo ya kwanza ya Hazel na Augustus, wafunike majina, wajaribu kutambua sauti. Kisha uwapeleke kwenye ule ugomvi wa chakula cha jioni, uwaulize kwa nini hapakunjwa. Ukiwa bado hujaona kitu hata hapo, sema hivyo hivyo. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na nakumbuka kwa masikitiko msichana niliyempa alama ndogo kwa sababu alisema hakuona uzuri wa shairi nililolipenda mimi, ilhali alitaja ubeti, mstari na neno lililomkwaza, na alikuwa na hoja.

Kabla hamjakipeleka kitabu kwa mwingine, nyoosheni pembe zote, mkipige uzito wa matofali usiku mmoja. Na ukipita Tabora kwa treni, Juliasi Kaizari yangu ipo, nitakuazima. Mchwa wamekula jalada la nyuma, lakini Cassius na Brutus hawajaguswa.